Kivumishi Kinachovuma Kweli

Likizo ya Juni, binti wa dada yangu anayesoma kidato cha tano alikuja kwangu hapa Makambako na swali moja: "Mjomba, 'wuthering' ni nini hasa?" Katika daftari lake alikuwa ameandika "wenye upepo mkali", naye hakuridhika. Nadhani alikuwa na haki.

Neno hilo Emily Brontë aliliweka katika jina la riwaya yake ya mwaka 1847, Wuthering Heights, ambalo pia ni jina la nyumba ya kilimani inayosimuliwa humo, ingawa neno lenyewe ni la watu wa kaskazini mwa Uingereza na Waingereza wengine wengi hawalitumii. Ndiyo maana katika sura ya kwanza msimulizi, ambaye ni mpangaji mgeni, analifafanua kuwa ni kivumishi cha wenyeji kinachoeleza msukosuko wa hewa unaoikumba nyumba hiyo wakati wa dhoruba. Ufafanuzi huo ni mkavu. Utamu unafuata pale anapotuonyesha misonobari michache iliyodumaa na kulala upande, na safu ya miti ya miiba iliyokonda, yote ikinyoosha matawi upande mmoja kana kwamba inaliomba jua sadaka. Upepo hatuuoni, ila tunaona ulichokifanya.

Sisi wa Makambako picha hiyo tunaijua. Milingoti ya mpakani mwa shamba langu imeinama vivyo hivyo, na juu ya bati la jiko la jirani yamepangwa mawe manne na tairi bovu. (Tairi liliongezwa baada ya jiwe la tano kuanguka.)

"Wenye upepo mkali" ni maneno ya mtabiri wa hali ya hewa: yanapima kasi na kuiacha sauti. Kiswahili kina kuvuma, kitenzi kinachobeba upepo, ngoma, nyuki na hata sifa za mtu, kama yule papa avumaye baharini kumbe wengi wapo. Na neno kivumishi lenyewe limezaliwa humo. Mimi ningeiita nyumba ile Kilima cha Mvumo, kwa kuwa kuta zake zilivuma kwa dhoruba na wakazi wake wakavuma kwa ugomvi, na neno moja likatosha kwa yote mawili.

Binti alifuta alichokuwa ameandika, lakini "mvumo" hakuuandika. Alisema kwanza atalala usiku mmoja chini ya bati letu.