Baada ya Brexit, hati ya kukamata ipo ila taarifa haifiki

Utabiri kwamba Uingereza ikitoka Umoja wa Ulaya (EU) ingegeuka maficho ya wahalifu haukutimia. Mkataba wa Biashara na Ushirikiano kati yake na EU, ulioanza kutumika 1 Januari 2021, ulibakiza mengi. Hati ya kukamata bado hutoka mahakama hadi mahakama, na uamuzi wa kumrejesha mtuhumiwa unatakiwa ndani ya siku 60 tangu akamatwe, au siku 10 tangu aridhie mwenyewe. Data za vinasaba na alama za vidole zinaendelea kubadilishanwa. Wanaosema hakuna kilichoharibika wana hoja.

Ila hoja yao inaishia mahakamani, na kazi huanzia barabarani. Hadi 31 Desemba 2020, askari wa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, aliyesimamisha gari na kuingiza jina la dereva aliona papo hapo kama anatafutwa Madrid, kwa sababu polisi wa Uingereza walitumia mfumo wa taarifa wa Schengen (eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao), SIS II. Siku hiyo waliupoteza, wakabaki na Interpol, shirika la kimataifa la polisi. Sasa Hispania ikishaweka jina kwenye SIS, inabidi ilipeleke na Interpol: kazi ya pili isiyoiongezea kitu kwa majirani zake, ambao tayari wanaliona. Isipofanya hivyo, askari haoni kitu na dereva anaendelea na safari.

EU hujibu kwamba mfumo huo haupewi nchi isiyo mwanachama wa EU wala wa Schengen. Kisheria hilo halina ubishi. Lakini aliyeponyoka Kent anatafutwa na Madrid, kwa hiyo hasara si ya London peke yake.

Pengo jingine ni uraia. Ujerumani, Ufaransa na Poland ni kati ya nchi zilizotangaza kutowatoa raia wao kwa Uingereza. Si kukomoana: ibara ya 16 ya Katiba ya Ujerumani inaruhusu raia atolewe kwa nchi mwanachama wa EU au mahakama ya kimataifa tu. Mjerumani aliyetenda kosa Leeds, Uingereza, akawahi kurudi Berlin, labda ashtakiwe hukohuko, na jalada, mashahidi na wakalimani wamfuate.

Wanasiasa wa London wanaotaka nchi yao ijitoe pia katika Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu waisome ibara ya 692 ya Mkataba wa Biashara na Ushirikiano: kwa sababu hiyo EU inaweza kuisitisha sehemu yote ya ushirikiano wa polisi na mahakama, hati ya kukamata ikiwemo, nayo ikakoma siku ileile kujitoa huko kutakapoanza kufanya kazi.