Tusitafute nyuki wa aina moja

Keti kando ya mlango wa mzinga jua likishachomoza vizuri, uwatazame nyuki wanaorudi. Huyu anatua na vidonge viwili vya chavua ya manjano vimeshikana kwenye miguu ya nyuma. Anayemfuata ana miguu mitupu, ila tumbo limejaa mbochi, yale maji matamu ya maua yanayogeuzwa asali. Wote ni mabinti wa malkia mmoja. Zamani nilidhani kila mmoja ameokota alichokikuta njiani. Kumbe tofauti hiyo, kwa kiasi fulani, wamezaliwa nayo.

Malkia hupandwa angani na madume wengi, mara nyingi zaidi ya 10, na mbegu zao huzihifadhi maisha yake yote. Kwa hiyo mzinga mmoja una mama mmoja na baba chungu nzima, na kila ukoo, yaani mabinti wa baba mmoja, una mwelekeo wake. Ukitaka kuuona, mguse nyuki papasi, zile pembe ndogo za kichwani, kwa tone la maji ya sukari. Utamu ukimtosha, anatoa ulimi. Waleta chavua hutoa ulimi hata sukari ikiwa hafifu. Waleta mbochi kwa kawaida hungoja utamu uliokolea. Huko Marekani, mtafiti wa nyuki Robert Page na wenzake walichagua wazazi kwa kigezo cha akiba ya chavua tu, na baada ya vizazi vichache wakapata nyuki wanaoirundika na wengine wanaoleta kidogo sana.

Ndiyo maana naumia nikisikia wafugaji wakisaka nyuki mmoja tu, yule wa asali nyingi. Asali haikuzi mabuu! Chavua ndiyo protini yao, na bila mabuu wa leo hakuna wa kwenda mauani wiki sita zijazo. Mwaka 2007 watafiti Heather Mattila na Thomas Seeley walilinganisha makundi ya malkia waliopandishwa kwa mbegu za madume 15 na yale ya dume mmoja. Yenye baba wengi yalijenga masega haraka zaidi, yakatoka kutafuta chakula kwa wingi na kuweka akiba kubwa zaidi.

Hata kupepea mzinga wakati wa joto ni hivyohivyo: ukoo mmoja huanza mapema, mwingine baadaye, na joto la mabuu halipandi na kushuka ovyo.

Anayezalisha malkia asitoe madume yote kwenye mzinga wake mmoja anaousifu. Achanganye, hata ile mizinga ambayo asali yake ni ya wastani.