Ikiingia ni dawa, isipoingia ni losheni ya bei mbaya

Siku hizi kila seramu inayojiona ya maana imeandikwa EGF kwenye boksi, yaani protini inayoiamuru seli ya ngozi ikue, ukigeuza nyuma usome viambato unakuta sh-Oligopeptide-1, ndiyo EGF yenyewe, na pengine ndugu yake sh-Polypeptide-1, ambayo ni kichocheo kingine, basi mtu anaona hiyo sayansi tupu anatoa hela. Hivyo ndo vichocheo vya ukuaji vya maabara. Hakuna mtu aliyetolewa damu, wanachukua jeni ya binadamu wanaipandikiza kwenye bakteria, au kwenye shayiri kama wanavyofanya Iceland, protini inazalishwa humo, inasafishwa, inaingia kwenye kichupa.

Na msinielewe vibaya, protini yenyewe si uongo. Mwanasayansi Stanley Cohen aliifikia kwa kuwachoma watoto wa panya sindano ya dondoo la tezi za mate, akaona macho yanafunguka mapema na meno yanatoka kabla ya wakati wake, na mwaka 1986 yeye na mwanasayansi mwenzake Rita Levi-Montalcini wakapewa Nobel. EGF inashika kipokezi kwenye utando wa seli, seli inapata amri ya kugawanyika. Kidonda kinapona kwa amri za namna hiyo.

Shida yangu ni mlango. Wataalamu wa ngozi wana kipimo chao cha haraka kwamba molekuli ikizidi kama dalton 500 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli) haipenyi ngozi nzima, isiyo na jeraha, kirahisi. Retinol, ile vitamini A ya kwenye krimu, ina kama 286, minoxidil, dawa ya nywele, 209, hizo zinapita. EGF ina amino asidi 53 na uzito wake unazidi dalton 6,000, na vile vipokezi viko chini kwenye seli hai, chini ya lile tabaka la seli zilizokufa zilizoshikana kwa mafuta. Yaani ni kupitisha kitanda kwenye dirisha la choo. Ila asubuhi uso unang'aa, eti? Sawa, soma tena viambato, gliserini iko pale juu na asidi ya hyaluroniki iko pale, hizo zinavuta maji na uso unajaa hata kama EGF ingetolewa kabisa.

Sasa muuzaji mjanja ana jibu, anakwambia tumia na visindano vidogo, vile vya kutoboa ngozi ili ipenye. Hapo ndo nashikwa na hasira kwa kweli. Kitu kimesajiliwa kama kipodozi kwa sababu kinakaa juu ya ngozi, hakikutengenezwa kwa usafi wa dawa ya sindano, halafu wewe unakisukuma ndani ambako seli zinapokea amri ya kugawanyika? Ikifika hapo hiyo ni dawa, na dawa inapimwa kama dawa. Mfano upo, becaplermin, jeli ya kichocheo kingine kinaitwa PDGF, Marekani waliipitisha 1997 kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, kwa cheti cha daktari. Mwaka 2008 ikawekewa onyo kali kuhusu vifo vya saratani, data zaidi zikaja, onyo likaondolewa 2018. Miaka yote hiyo watu wanaifuatilia jeli moja, na seramu yako nani anaifuatilia? China wao mwaka 2019 walisema wazi kwamba EGF isiwekwe kwenye vipodozi, na mi nawaelewa kabisa.

Kwenye nywele ndo vichekesho. Kuna seramu za kichwa zina EGF, zinauzwa kwa watu wenye kipara kinachoanza. Jamani, Australia waliwahi kutumia EGF kunyolea kondoo! Kondoo anachomwa sindano, ukuaji wa manyoya unakatizwa kwenye shina, anavalishwa wavu, baada ya wiki kadhaa manyoya yanavuliwa kwa mkono bila mkasi. Sisemi seramu yako itakunyoa, kwanza haiingii, ila nataka uone kwamba kichocheo cha ukuaji si lazima kikuze nywele, inategemea ni kipi na kimefika lini. Hata ndani ya familia moja ya vichocheo inayoitwa FGF, FGF-7 inasukuma nywele ikue na FGF-5 inaiambia basi inatosha, na paka wengi wenye manyoya marefu wako hivyo kwa sababu FGF-5 yao imeharibika. Sasa lebo ikisema tu "ina vichocheo vya ukuaji" imekwambia nini?

Mi hela yangu ikiwepo inaenda kwenye krimu ya kuzuia jua na retinoidi, yaani retinol na ndugu zake, na nywele zikianza kukimbia ni minoxidil, ambayo Marekani iliruhusiwa kwa nywele tangu 1988 na tabia zake zinajulikana, hadi ule usumbufu wa nywele kupukutika kidogo mwanzoni. Kama umewahi kuwa na saratani ya ngozi au una kidonda kisichoeleweka usoni, hizi za EGF ziache mpaka daktari wa ngozi akuone. Na wauzaji nawauliza swali lile lile kila mara, inaingia au haiingii, wananitumia picha za kabla na baada, ya kabla mtu kanuna gizani, ya baada kasimama mbele ya taa na poda juu.