Kilo 22 za RT: wanaolalamikia uzito hawajasikilizwa

Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20, na aliyewahi kulibeba anajua kwamba uzito wake hubadilika kulingana na mahali ulipoliweka. Kichwani unatembea nalo hadi nyumbani. Mkononi, mkono ukiwa umenyooka mbali na mwili, hata hatua kumi ni nyingi.

Kati ya pikipiki ya BMW R1200RT ya mwaka 2005 na mrithi wake, R1300RT ya mwaka 2025, kuna tofauti ya kilo 22, kutoka 259 hadi 281. Ni dumu hilo na ziada kidogo. Wapenzi wa pikipiki za safari ndefu, zile zenye mbio na starehe kwa pamoja, wamekuwa wakibishana juu ya kilo hizo tangu toleo la 2014 lilipofika 274, na kila mara ubishi unaishia palepale: anayelalamika anaambiwa amezeeka, au hana nguvu, au hajaijaribu pikipiki mpya. Nadhani hatendewi haki. Lakini kwanza niwape wenzake wa upande wa pili wanachostahili, maana hoja zao si za kubeza.

Wanasema uzito usitazamwe peke yake. R1100RT ya mwaka 1995 ilikuwa na kilo 282 na nguvu za farasi 90. Ya leo ina kilo 281 na farasi 145. Uzito uleule, farasi 55 zaidi, pamoja na ABS, yaani breki zisizofunga gurudumu, inayofanya kazi hata ukiwa umelala kwenye kona, shokamzoba zinazojirekebisha zenyewe, rada ya kupima umbali wa gari la mbele, na klachi inayoweza kujiendesha bila mkono wako. Wanasema pia kwamba barabarani haiendi pikipiki tupu. Weka dereva, mwenza wake na mizigo, jumla inakaribia kilo 500. Kilo 22 hapo hazifiki asilimia tano. Ukiwa kwenye barabara kuu ya Ujerumani, ukapishana na lori siku ya upepo, uzito ni rafiki. Hata ndani ya injini ni hivyo: mwaka 2014 BMW iliipa RT mhimili mzito kuliko ule ambao GS, ndugu yake wa BMW, ilianza nao mwaka mmoja kabla, kwa makusudi, ili injini izunguke kwa utulivu kwenye mwendo mdogo na isizime ovyo. Mtu akikuambia kila gramu ni adui, hajui pikipiki.

Yote hayo ni kweli, na yote ni kweli pikipiki ikiwa inakwenda.

Ninayo R1200RT ya 2011, na kipimo changu cha jambo hili ni kituo cha mafuta. Tangi lake ni la lita 25, na lita 25 za petroli zina karibu kilo 18 na nusu. Naingia kituoni tangi likiwa linakaribia kukauka, naisukuma kwa kiuno hadi kwenye pampu bila kufikiri. Najaza. Dakika tano baadaye nataka kuirudisha nyuma hatua tatu, kwenye sakafu ileile, na sasa natafuta pa kukanyagia, nainama, nashika usukani kwa mikono miwili na kusukuma kwa paja. Hakuna kilichobadilika ila hizo kilo 18. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na mwenye RT huipata nafuu hiyo kila baada ya kilomita mia nne hivi, kisha anaipoteza kwa hiari yake akifika kwenye pampu. Kwa hiyo mtu akisema tofauti ya kilo 20 haihisiwi, namuomba afanye jaribio hilo kabla ya kuendelea. Matoleo ya karibuni yanaanza mahali ambapo yangu inafika ikiwa imejazwa hadi shingoni, halafu yanajazwa juu yake. Maana namba hizi zote, 259, 274, 281, ni za pikipiki yenye mafuta tayari.

Na hapa linakuja suala la dumu limewekwa wapi. Injini na bokisi la gia viko chini, na silinda zake mbili, mtindo uitwao boksa, zimelala ubavuni, jambo linaloisaidia sana RT. Lakini skrini kubwa, kioo cha mbele chenye mota yake, rada, spika, masanduku, vyote vinakaa juu au pembezoni. Kilo moja iliyo usawa wa kifua chako si sawa na kilo moja iliyo usawa wa kifundo cha mguu. Chini unaikanyagia, juu inakuvuta. Karatasi ya kiwanda hukupa jumla tu, haikwambii kila kilo inakaa wapi.

Kiangazi kimoja nilikuwa Austria, kwenye barabara ya Großglockner, ile ya kilomita 48 na kona kali 36. Pale juu kuna njia ndogo inayokwenda kwenye kilele cha Edelweißspitze, mita 2,571, na njia hiyo imetandikwa mawe, si lami. Mbele yangu kulikuwa na mzee wa miaka sitini hivi na mkewe nyuma, kwenye RT mpya yenye kila kitu. Gari lilikuwa linashuka, akasimama kwenye kona kulipisha. Mfumo wa kuzuia pikipiki isirudi nyuma mlimani ulishika vizuri. Haikurudi hata sentimita moja. Akashusha mguu upande wa bonde. Mguu haukufika chini pale alipotarajia, mawe yalikuwa yameinama kuelekea nje. Pikipiki haikuanguka kwa kishindo. Ililala taratibu, kwa muda wa kutosha mkewe kuruka pembeni, ikaegemea kichwa cha silinda na sanduku. Tulikuwa watu watatu kuinyanyua. Yule mzee hakuwa amefanya kosa lolote la udereva, na alikuwa na pikipiki iliyosheheni akili kuliko zote zilizokuwa mlimani siku ile. Alikuwa ametulia, ila mkono wake ulikuwa unatetemeka alipowasha tena.

Ninaposikia kwamba vifaa vipya vinafidia uzito mpya, namkumbuka yeye. Vifaa hivyo vinatetea mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Kwenye mwendo wa sifuri, kinachoishikilia pikipiki ni mguu mmoja wa binadamu, na mguu huo haujapata toleo jipya. Wengi wanaonunua pikipiki hizi ni watu wa makamo na kuendelea. Kila toleo linapopanda kilo tano, magoti yao yanakwenda upande mwingine.

Kuna mwaka mmoja ambao watetezi wa uzito huupita haraka, nao ni 2005. R1150RT iliyotangulia ilikuwa na kilo 279 na farasi 95. R1200RT ikaja na kilo 259 na farasi 110. Kilo 20 ziliondoka, farasi 15 wakaongezeka, na pikipiki ikabaki ya safari ndefu, shafti yake ya kuzungusha gurudumu la nyuma palepale, kinga ya upepo palepale, masanduku palepale. Mara nyingi tunaambiwa uzito ni kodi ya lazima ya maendeleo, kwamba sheria za moshi na usalama zimebana na hakuna namna. Kiasi fulani ni kweli: Ulaya imelazimisha ABS kwa aina mpya za pikipiki zenye injini inayozidi cc 125 tangu 2016, na vichujio vya moshi na mifumo ya kupoza injini kwa maji havielei hewani. Lakini mwaka 2005 wahandisi walipewa kazi ya kupunguza, wakapunguza. Miaka ishirini iliyofuata walipewa kazi nyingine. Huo ni uamuzi wa watu.

Tena si kila kifaa kilichoongezwa kilikuja kukaa. R1150RT, na R1200RT za mwanzo, zilikuwa na breki zenye pampu za umeme za kuongeza nguvu. Ukiwasha, zinalia kama mbu. Zilishika kwa ukali ambao wageni waliushangaa, na ukizima swichi zinabaki na uwezo mdogo tu wa kushika. Fikiria unaisogeza pikipiki ya kilo 279 kwenye mteremko wa gereji, funguo imezimwa, unabana breki na haipatikani ile uliyoizoea. Mwaka 2006 BMW iliachana na pampu hizo, ikaweka ABS rahisi zaidi, na sijakutana na dereva anayezililia. Mwaka 2014 shokamzoba mpya za kielektroniki zilipofika kwenye RT, ilipofika Juni wenye pikipiki hizo walitakiwa waache kuziendesha kwa sababu fito ya shokamzoba ya nyuma ingeweza kukatika. Tatizo lilitatuliwa, na shokamzoba zile leo ni nzuri sana, nakiri. Ila mfumo mpya huja na mlango mpya wa hitilafu, na mlango huo nao unabebwa.

Wepesi una gharama pia. Honda ilipounda upya Gold Wing mwaka 2018, iliipunguza zaidi ya kilo 30. Tangi likashuka kutoka lita 25 hadi 21, na nafasi ya mizigo kutoka lita 150 hadi 110. Waliozoea kusafiri wawili kwa wiki mbili walilalamika, na walikuwa na haki. Anayedai RT nyepesi lazima aseme yuko tayari kuacha nini. Mimi ningeacha spika, ningeacha skrini ya inchi 10.25 na kubaki na saa mbili za mshale, ningeacha na rada. ABS siachi. Mishikio ya usukani yenye joto siachi, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havibani breki. Klachi ya kujiendesha yenyewe ningeifikiria kwa heshima, maana injini kuzima katikati ya kona ya mwendo mdogo ndiyo huangusha wengi, na hicho ni kifaa kinachofanya kazi karibu kabisa na ile sifuri niliyoitaja.

Shida ni kwamba duniani siku hizi vitu hivi huuzwa kwa mafungu. Anayetaka kimoja anabeba vinne. Na sisi wenyewe tunamalizia kazi kwa kufunga sanduku la tatu nyuma kabisa, juu, ng'ambo ya ekseli, mahali pabaya kuliko pote pa kuweka kilo kumi. Langu lilikaa miaka mitatu kabla sijalitoa, na siku niliyolitoa niliirudisha pikipiki gereji kwa mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, jambo nililokuwa nimelisahau.

Ningependa kiwanda kiandike namba mbili: uzito wa pikipiki iliyo kwenye picha ya tangazo, na urefu wa kitovu chake cha uzito kutoka ardhini. Ya kwanza wanayo kwenye mizani. Ya pili wanayo kwenye kompyuta za kuundia tangu siku ya kwanza. Mpaka hapo zitakapotoka, nikipanda tena Edelweißspitze nitajaza nusu tangi kule bondeni, na mwenza wangu atashuka kabla ya mawe kuanza.