Prosesa Yangu, Hodari wa Kukaa Bure

Kuna kiumbe ndani ya kompyuta yangu ya mezani kinaitwa prosesa, ndicho kinachopiga hesabu zote za kompyuta. Kimevikwa bonge la alumini lenye mapezi, na juu yake kuna feni ya kukipepea usiku na mchana. Mimi niliyeinunua kompyuta yenyewe sina wa kunipepea.

Sasa sikilizeni tabia zake. Nikifungua ukurasa mtupu, nimeandika "Ndugu mpendwa" na bado nawaza la kusema, naiona prosesa inagonga GHz 4.9. Mizunguko bilioni 4.9 kwa sekunde, kungojea koma! Lakini niipe kazi ya maana, video ndefu ya kubana, viini vyote vinane, yaani zile sehemu zake za kufanyia kazi, viingie kazini kwa pamoja. Sekunde chache za mwanzo unaona fahari. Halafu 4.5. Halafu 4.1. Halafu 3.6, na feni inapiga kelele utadhani ndiyo inayobana hiyo video. Ni yule mjomba anayebeba masufuria matupu mbio mbio. Yakijaa maji, anakumbuka mgongo wake.

Na huwezi kulishitaki boksi iliyouziwa prosesa, maana limejihami. Ile namba kubwa ya wino wa kung'aa ni spidi ya juu kabisa, na kwa kawaida inahusu kiini kimoja au viwili, tena pakiwa na ubaridi wa kutosha na umeme wa kutosha. Spidi ya msingi, ile ambayo mtengenezaji anaisimamia kazi ikiwa nzito, imewekwa kwenye maandishi ya chini kabisa, yale ya kusomwa na wanasheria na sisimizi.

Wajuzi ukiwauliza kwa nini spidi inashuka, jibu lao la kwanza ni joto. Sawa. Transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, mabilioni zimesongamana kwenye kipande cha silikoni cha milimita za mraba mia mbili hivi, na kikishindiliwa kazi kinaweza kumeza wati 150 na zaidi. Wati hizo zote zinatoka kama joto. Zote! Hakuna hata moja inayogeuka kuwa video yangu. Joto likikaribia kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi ni kati ya nyuzi 95 na 100 za Selsiasi, prosesa inajipunguzia mwendo isije ikaungua, na ikishindwa kabisa kujipoza inazima kompyuta nzima.

Halafu kuna hesabu ya kuudhi. Umeme unaoliwa unafuata spidi, mara volti, mara volti tena. Ndiyo, volti inaingia mara mbili. Na spidi haipandi hivi hivi, inadai volti zaidi ili transista zisikosee. Ongeza spidi kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 20, joto linapanda kwa zaidi ya asilimia 70. Kwa hiyo ile spidi ya kileleni ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kukatwa kazi ikizidi.

Zamani raha ilikuwepo. Mwaka 1974 Robert Dennard wa kampuni ya kompyuta ya IBM na wenzake walionyesha kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, volti nayo inapungua, hivyo unaweza kurundika nyingi zaidi pale pale bila kuongeza moto. Watu wakatamba kwa miaka kama thelathini. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000, transista zikawa ndogo kiasi cha kuvujisha umeme hata zikiwa zimezimwa, na volti ikagoma kushuka. Oktoba 2004 Intel, kampuni ya kutengeneza prosesa, ikafuta mpango wa prosesa yake ya Pentium 4 ya GHz 4, na mtendaji mkuu wake, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya umati kuomba radhi. Mtu mzima, kwa ajili ya GHz 4! Yangu ikishuka hadi 3.6 hakuna anayekunja hata goti moja.

Jibu la pili la wajuzi ni umeme, na hili ndilo linanipandisha presha. Kumbe prosesa inaweza kuwa imepoa kabisa na bado ikapunguza mwendo. Inapewa viwango viwili vya wati: kimoja cha kukimbilia kwa muda mfupi, kingine cha kudumu. Kwenye prosesa nyingi za Intel muda wa kukimbia huwekwa sekunde 28, nyingine 56. Ukiisha, prosesa ya wati 65 inarudishwa kwenye wati zake 65, joto liwepo lisiwepo. Jaribio la sekunde ishirini la kumvutia mnunuzi linaisha kabla kengele haijalia. Kazi zangu mimi haziishi kwa sekunde ishirini.

Ukidhani umemaliza, anaingia shahidi wa tatu: mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa na vifaa vingine. Pembeni ya soketi kuna vidude vya kusawazisha umeme wa prosesa, na kwenye bodi za bei ya chini mara nyingi vimeachwa uchi, bila chuma cha kuvipoza. Vikipata moto, bodi inaiamuru prosesa ipunguze, nayo inatii papo hapo, utii ambao mimi sijawahi kuuona. Nyingine hushuka hadi GHz 0.8. Hizo ni spidi za mwaka 2000, jamani, na mwaka 2000 tulikuwa tunazishangilia.

Wenye ushauri nao hawaishi. Toa vumbi. Kweli, mapezi yakiziba hewa haipiti. Badilisha ile pesti ya kupitisha joto, ikikauka haifai. Kweli pia. Angalia kama aliyefunga kipoza joto aliacha chini yake ile nailoni ya kiwandani, inayokuja na maandishi ya kusema iondolewe. Mnacheka, lakini wapo. Nimesafisha, nimepaka, nimekagua. Nyuzi zimeshuka, spidi imepanda kidogo, na mjomba bado anashika mgongo.

Wengine wanasema nunua mpya. Mpya ipi? Mwaka 2022 AMD, washindani wa Intel, walitoa familia ya prosesa za Ryzen 7000 wakatamka wazi kwamba kwa kazi nzito nyuzi 95 ni kawaida yake, imeundwa ipande hadi hapo makusudi na ikae. Ukiiwekea kipoza kikubwa zaidi, inatumia nafasi hiyo kukimbia zaidi, kisha inarudi kukaa kwenye 95. Yaani unanunua bonge la chuma lisiloenea kwenye keisi, unafungua kipimajoto ujisifu, unakuta namba ile ile inakutazama.

Na dawa inayosaidia kweli ndiyo inayonitoa machozi: kuinyima. Unaingia BIOS, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta, unapunguza volti kidogo, na kama kipande chako cha silikoni kina bahati, kinapoa, na kwa kuwa kimepoa kinaongeza spidi. Nimelipia umeme, feni, pesti na bonge la alumini, kumbe ilitaka kufungishwa saumu. Ukizidisha kuinyima, kompyuta inazimika katikati ya kazi bila hata salamu, kwa hiyo unapunguza kidogo, unajaribu, unapunguza tena, huku umeshika meza.

Wakati nayasema haya video imefika asilimia 62. Muda uliobaki ulikuwa dakika 11. Sasa umekuwa 14, na feni ndiyo kwanza inabadilisha gia.