Paleti ya Rangi za Joto Ipimwe kwa Rangi Zisizong'aa

Mtu akifungua paleti mpya ya rangi za macho, kidole humkimbilia kwenye kisahani kinachometameta kuliko vyote, kisha akajipaka mkononi na kutoa hukumu papo hapo. Paleti ninayoijaribu sasa ina visahani 12, vyote vya jamii ya rangi za joto: manjano ya haradali, chungwa, kutu, matofali, shaba za namna tatu, damu ya mzee na kahawia za viwango mbalimbali. Kadiri ninavyoitumia, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hukumu ile ya mkononi haina thamani kubwa, na kwamba paleti ya aina hii inapaswa kupimwa kwanza kwa rangi zake zisizong'aa.

Kutengeneza rangi inayometa si jambo gumu sana siku hizi. Chembe za maika, madini ya vipande vyembamba vinavyong'aa, hufunikwa kwa utando mwembamba wa oksidi ya titani au ya chuma, nazo hurudisha mwanga kiasi kwamba hata paleti ya bei ya chini huonekana ya kifahari ikipakwa kwa kidole. Rangi isiyong'aa haina pa kujificha. Unga mweupe wa kujazia, kama vile talki, ukizidi, kope za mtu mwenye ngozi nyeusi hupauka. Kilainishi kinachoushikanisha unga kikizidi, brashi hupita juu ya kisahani bila kuchukua kitu. Kikipungua, nusu ya rangi huishia mashavuni. Ndiyo maana wapambaji wengi huanza na macho kabla ya kupaka faundesheni.

Kwa rangi za joto, mtengenezaji ana wepesi ambao hanao anapotafuta zambarau au buluu nzuri. Oksidi za chuma, ambazo nyuma ya boksi huandikwa kwa namba za utambulisho wa rangi, CI 77491 kwa nyekundu, CI 77492 kwa manjano na CI 77499 kwa nyeusi, zikichanganywa kwa vipimo tofauti hutoa karibu kahawia zote, kutu na matofali. Hazichujuki kwa mwanga na hufunika vizuri. Kwa sababu hiyo siwi mpole kwa paleti ya joto ambayo kahawia yake ni hafifu, kwani malighafi yenyewe imeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Damu ya mzee ni habari nyingine, kwa kuwa wekundu wake uliokolea mara nyingi hutokana na kamini, CI 75470, inayopatikana kwa wadudu waitwao kochinili, na anayeepuka bidhaa za wanyama hana budi kusoma orodha ya viambato kabla ya kununua.

Katika paleti hii, rangi ya matofali ndiyo iliyoniridhisha kuliko zote. Nilipoichukua kwa brashi yenye nywele laini zilizoachana, nikaikung'uta kidogo na kuizungusha kwenye mkunjo wa kope, ilitua ikiwa na wekundu uleule unaoonekana kisahanini, na ukingo wake uliyeyukia ndani ya rangi ya kutu bila kuacha mstari. Hadi jioni ilikuwa bado inaonekana, ingawa upande wa ndani wa jicho, ambako machozi na mafuta hukusanyika, ilikuwa imepungua. Haradali, kinyume chake, imenivunja moyo. Kisahanini imekolea na inavutia, lakini kwenye kope inageuka utando mweupe kama vumbi la chaki, na hata praima, kile kipakwa cha msingi kinachotangulia rangi, haikuinusuru.

Wapo wanaoogopa rangi za jamii hii kwa hoja kwamba wekundu kuzunguka macho humfanya mtu aonekane ametoka kulia. Hoja hiyo ina ukweli, hasa rangi inapoburutwa hadi chini ya jicho na kuachwa igusane na ngozi ya ukingo, ambayo tayari ina wekundu wake. Dawa yake ni kuweka mstari wa wanja mweusi au kahawia nzito kwenye mizizi ya nywele za kope, ili wekundu wa rangi utengane na wekundu wa jicho. Bila mstari huo, hata mimi nisingethubutu kutoka na damu ya mzee machoni.

Lalamiko langu kubwa linahusu zile shaba tatu. Kisahanini zinatofautiana, moja ikielekea dhahabu na nyingine ikielekea waridi, lakini zikishapakwa juu ya matofali hakuna jicho litakalozitenganisha. Tangu paleti ya Modern Renaissance ya kampuni ya Anastasia Beverly Hills ilipotoka mwaka 2016 na Naked Heat ya Urban Decay mwaka 2017, soko limejaa paleti za joto, na nyingi zinajaza nafasi kwa mng'aro unaojirudia. Ningefurahi zaidi kama mbili kati ya shaba hizo zingetolewa, nafasi zao zikachukuliwa na kahawia nzito isiyong'aa inayokaribia weusi na rangi ya udongo ya wastani, maana kahawia nzito kuliko zote iliyomo humu haitoshi kuipa ngozi nyeusi kivuli kinachoonekana, na kwa kazi hiyo bado nalazimika kufungua paleti nyingine.