Masijala Lamu: uzibe chumba au upitishe hewa?

Kampuni ikitaka chumba cha kuhifadhia kumbukumbu zake, ushauri unaotolewa hauna tofauti kubwa: chumba kisicho na dirisha, mlango wa chuma, kufuli mbili, rafu za chuma na kiyoyozi. Nairobi ushauri huo unatosha. Katika nyumba ya mawe ya mji wa kale wa Lamu, yenye kuta za matumbawe na chokaa unene wake karibu nusu mita, chumba cha namna hiyo kinaweza kukinga majalada na mwizi kisha kikayaacha yaliwe na ukungu. Ndiyo maana wapo wanaoshikilia kwamba chumba kizibwe kabisa, na wapo wasemao kiachwe kivute hewa. Pande zote mbili zina haki, ila si kwa karatasi zile zile.

Tuanze na muda ambao karatasi hizo zinatakiwa kuishi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka 2015 inataka hesabu na risiti zitunzwe miaka 5. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka maelezo ya kazi ya mfanyakazi yatunzwe miaka 5 baada ya yeye kuondoka. Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa hadi miaka 6, ya ardhi hadi 12. Kwa hiyo sehemu kubwa ya masijala ni karatasi za miaka mitano hadi saba, na kiasi kidogo tu, kama hati za ardhi, cheti cha usajili na kumbukumbu za mikutano ya wakurugenzi, ndicho cha kudumu. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu joto huzeesha karatasi polepole, kwa miongo, ilhali ukungu huweza kuchipua ndani ya wiki au miezi michache unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70, na mapema zaidi unyevu ukizidi hapo. Mwambao huu unyevu huo ni wa kawaida, na kusi likivuma na mvua za masika hupanda zaidi.

Wanaotaka chumba kizibwe wana hoja nzito. Chumba kisicho na tundu hakiingizi panya, vumbi, wala chumvi ya bahari. Ukiweka mashine ya kukausha hewa ikafanya kazi usiku na mchana, unyevu unaweza kushuka hadi asilimia 50 au 55, kiwango ambacho hewa ya nje ya Lamu haikupi. Umeme ukikatika saa chache si hasara: makaratasi yenyewe hunyonya na kutoa unyevu taratibu, kwa hiyo chumba kilichojaa hakibadiliki ghafla. Mashine iwe na bomba la kutolea maji nje. Ya kutegemea tangi husimama tangi linapojaa, na mara nyingi hujaa Ijumaa jioni.

Kasoro yake ni kwamba mfumo huu hautaki nusunusu. Ofisi nyingi huweka kiyoyozi peke yake, hukitega nyuzi 18, kisha hukizima saa kumi na moja jioni ili kuokoa tokeni. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 23 au chini yake. Karani anapofungua mlango mchana kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hewa ya nje huingia ikakutana na rafu za chuma za nyuzi 18, nazo hutoka jasho palepale. Maji huteremka nyuma ya mafaili, mahali ambapo hapaonekani. Usiku mashine imezimwa, unyevu unapanda, hewa haina pa kutokea. Chumba kilichozibwa bila mashine ya kudumu ni kibaya kuliko stoo ya kawaida yenye dirisha bovu, na hili wauzaji wa viyoyozi hawalisemi.

Upande wa pili husema: acha hewa ipite. Matundu mawili juu ya kuta zinazotazamana, yenye nondo za milimita 12 na wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6 kuzuia panya, na feni ndogo. Hoja yao ina mpaka mmoja ambao husahauliwa: hewa ya nje haiwezi kukausha chumba zaidi ya ilivyo yenyewe, isipokuwa chumba kiwe na joto kuliko nje. Hapo ndipo hesabu inapopendeza. Hewa ile ile ya nyuzi 28 na asilimia 75 ikipashwa hadi nyuzi 32 hushuka kufikia asilimia 60 hivi, bila mashine yoyote. Chumba cha juu chenye joto, ambacho mtaalamu wa nyaraka za kale angekikataa, kinazifaa sana karatasi za miaka saba. Matundu yafungwe alfajiri na wakati wa mvua, yafunguliwe mchana. Kipima unyevu cha bei ndogo ukutani, kikisomwa na kuandikwa kila siku, kitakwambia ukweli kuliko fundi yeyote.

Joto hilo lina mwathirika mmoja: risiti za mashine zilizochapwa kwenye karatasi ya joto, ile inayoandikwa kwa joto badala ya wino. Hizo huweza kufifia zikabaki nyeupe kabla ya miaka mitano kwisha. Zipigwe picha au kutolewa nakala kwenye karatasi ya kawaida siku zinapoingia.

Chumba cha juu, lakini, kina swali la uzito. Rimu moja ya A4 ina kilo 2.5 na unene wa sentimita 5, maana yake mita moja ya karatasi zilizobanwa ni kilo 50. Rafu ya upana wa mita moja yenye ngazi tano ni kilo 250. Ukipanga rafu tatu kila upande wa chumba umeweka tani moja na nusu, sawa na watu ishirini waliosimama hapo miaka saba bila kuondoka. Vyumba vya nyumba za Lamu havizidi sana mita mbili na nusu au tatu kwa upana kwa sababu urefu wa boriti ndio unaoamua. Kwa hiyo rafu zikae kando ya kuta zinazobeba vichwa vya boriti, kamwe si katikati, na kabla ya hapo fundi achome kila kichwa cha boriti kwa bisibisi pale kinapoingia ukutani. Ikizama, boriti imeoza au imebunguliwa. Chini, uzito si tatizo, lakini ukuta hunyonya maji na chumvi kutoka ardhini na mchwa hupanda humo humo. Ukilazimika kutumia chumba cha chini, rafu ya kwanza iwe sentimita 15 juu ya sakafu, na uache sentimita 10 kati ya rafu na ukuta ili njia za udongo za mchwa zionekane kwa tochi.

Juu au chini, ukuta usipigwe plasta ya saruji wala rangi ya mafuta kwa nia ya kuuziba. Ukuta wa matumbawe hutoa unyevu kupitia chokaa. Ukiuzuia, chumvi hujikusanya nyuma ya rangi na kuibabua vipande vipande juu ya majalada. Plasta iwe ya chokaa, ipigwe wakati wa kaskazi. Kutoboa tundu au kuziba dirisha kwenye mji wa kale, ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kunahitaji idhini ya ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ni busara kuiomba kabla ya kumlipa fundi. Mlango wa mbao ngumu ya mvule wenye kitasa cha shaba utadumu kuliko wa chuma uliopakwa rangi tu, ambao kutu huanzia kwenye matobo ya bawaba.

Moto hauna pande mbili. Vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari la zimamoto, kwa hiyo cha kuzimia kiwe mlangoni, nje ya chumba. Kwa karatasi zinazowaka, kizimamoto cha maji kinafaa kuliko cha gesi ya kaboni, kwa kuwa gesi huzima ndimi za moto juu na kuacha makaa ndani ya rundo. Lakini soketi na waya zizimwe kwanza kwenye swichi kuu, nayo iwe nje. Sefu ya karatasi inayostahimili moto hutengenezwa ili ndani pasizidi nyuzi 177. Diski na flashi huhitaji pasizidi 52. Nakala za kielektroniki zilizowekwa humo zitakufa hata hati zikisalimika.

Kuskani kila kitu ili kuepuka chumba kunasaidia, na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inakubali rekodi za kielektroniki zikiambatana na hati ya uthibitisho. Hati asili za ardhi na mikataba iliyopigwa muhuri zisichanwe hata hivyo.

Kwa kampuni ndogo yenye hoteli au vyombo vya baharini, uamuzi wangu ni chumba cha juu chenye hewa kwa karatasi za kawaida, na sefu moja, ndani yake boksi la plastiki lisilopitisha hewa lenye silika jeli, yaani chembe za kunyonya unyevu, kwa hati za kudumu. Hospitali, au kampuni yenye mafaili ya mamia ya wafanyakazi, izibe chumba, ila iwe na mashine ya kukausha na umeme wa akiba wa jua. Kote kote ufunguo uandikwe daftarini kwa jina na saa: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa kampuni inayotunza data za watu saa 72 tangu ijue kwamba zimevuja za kumwarifu Kamishna wa Data, na bila daftari hutajua aliyeingia ni nani wala alitoa faili lipi.